Kraniofarinjioma, uvimbe adimu jirani na tezi ya pituitari: mwongozo kamili kuanzia dalili mpaka maisha baada ya upasuaji

Kama umeambiwa wewe au mwanao ana uvimbe kichwani karibu na pituitari, na kwenye ripoti ya MRI kuna neno kraniofarinjioma, soma hii mpaka mwisho kabla hujauza kiwanja. Ni uvimbe adimu kweli, kwa mwaka hauzidi watu 2 katika kila watu milioni moja, kwa hiyo daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi mpaka anastaafu hajawahi kuuona na hapo huwezi kumlaumu. Unapenda rika mbili, watoto wa kama miaka 5 mpaka 14 na watu wazima wa 50 mpaka 74, ingawa umri wowote unaweza kuupata.

Sio kansa ile ya kusambaa mapafuni au kwenye ini, WHO wanauweka daraja la 1 ambalo ndo la chini kabisa. Shida yake ni mahali ulipokaa. Pituitari yenyewe ni tezi ya kama sentimita moja tu inayoziamrisha tezi nyingine za mwili, imelala kwenye kishimo cha mfupa nyuma ya pua, juu yake ndo neva za macho mawili zinapokutana, juu zaidi kuna haipothalamasi inayosimamia njaa, kiu, usingizi na joto la mwili, na kushoto na kulia inapita mishipa mikubwa ya damu inayopanda ubongoni. Uvimbe unaanzia kwenye mabaki ya seli za tangu mtoto yuko tumboni, seli ambazo zilitakiwa zipotee zikabaki, alafu miaka inapita zinakua taratibu. Erdheim aliueleza mwaka 1904, na jina hili tunalotumia lilienezwa na Harvey Cushing mwaka 1932. Hakuna mtu aliyeuleta, sio simu, sio kupigwa kofi utotoni, na sio jirani.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukijua naelekea wapi: watu wanawaza kisu tu, nani atapasua, India au hapa, shilingi ngapi, wakati kinachompotezea mtu maisha kwenye huu ugonjwa mara nyingi ni kotisoli (homoni ya tezi za juu ya figo inayoushikilia mwili ukiugua) na chumvi ya damu, vitu vinavyopimwa kwa mrija mmoja wa damu. Homoni zinatangulia kisu na zinabaki baada ya kisu.

Hatua ya 1: Dalili, na kwa nini zinachelewa kueleweka

Kwa mtoto cha kwanza kabisa mara nyingi ni kimo, na hakuna anayeshtuka. Sare ya shule ya darasa la pili bado inamtosha akiwa darasa la nne, mdogo wake kamfikia, watu wanasema karithi kwa bibi. Alafu kinakuja kichwa kuuma, hasa asubuhi, na kutapika akiamka bila kuumwa tumbo, akishatapika anapata nafuu na anaenda shule, kwa hiyo anatibiwa malaria, anatibiwa taifodi, anapewa dawa za minyoo, na mwezi unaofuata yale yale. Baadae mwalimu anasema haoni ubaoni, anapewa miwani, miwani haisaidii.

Kwa mtu mzima ni kuchoka kusikoisha, mwanamke hedhi inakatika au maziwa yanatoka bila mtoto (pima mimba kwanza, hilo halina mjadala), mwanaume nguvu zinapotea na ndevu zinapungua, uzito unapanda bila sababu, na ubaridi unamsumbua hata Dar mwezi wa kwanza. Kuna ile ya kunywa maji sana na kukojoa sana, anaamka usiku mara nne mara tano, chupa ya maji iko kando ya kitanda, anapima sukari iko sawa na anaambiwa hana tatizo. Tatizo lipo, ni upungufu wa homoni ya kuzuia mkojo. Pima mwenyewe: chukua chupa ya lita moja, kusanya mkojo wote wa masaa 24, andika. Mtu mzima akivuka lita 3 kwa siku hiyo ni taarifa kamili, mpelekee daktari ikiwa imeandikwa, maana "anakojoa sana" haimshtui mtu ila "lita 6 na nusu" inamshtua.

Dalili za kukimbia hospitali usiku huo huo ni hizi: kichwa kuuma ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuusikia, kuona kupotea ndani ya masaa au siku, kusinzia usingizi wa ajabu au kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo. Hapo usisubiri kliniki ya Jumanne.

Hatua ya 2: Macho, kabla hata ya MRI

Hiki ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote na kinaruka sana. Uvimbe ukisukuma pale neva zinapokutana, mtu anapoteza kuona pembeni, upande wa masikio, pande zote mbili. Katikati anaona vizuri tu, anasoma mpaka herufi ndogo, ndo maana ubao wa herufi pekee unadanganya. Anagonga mlango kwa bega, boda inamtokea ghafla, anamwaga chai ya mtu aliyekaa ubavuni.

Nyumbani unaweza kucheki hivi: kaeni mnatazamana umbali wa mita moja, yeye afunike jicho la kulia na wewe funika la kwako la kushoto, atazame pua yako asihamishe macho, alafu ingiza kidole ukikichezesha kutoka nje pembeni kuja katikati, aseme "nimeona" akikiona. Linganisha na unavyoona wewe. Rudia jicho la pili. Kama upande wa nje anachelewa sana kuona kwenye macho yote mawili, nenda kwa daktari wa macho na useme wazi unataka kipimo cha upana wa kuona cha mashine na kuangaliwa nyuma ya jicho kama neva imevimba au imepauka. Tunza yale majibu, yatatumika kulinganisha miaka yote inayokuja. Neva ikishapauka kabisa upasuaji unazuia yasizidi, lakini kilichokufa hakirudi, kwa hiyo macho ndo yanaweka haraka ya kila kitu.

Hatua ya 3: Damu

Hapa naomba utulie maana ndo penye makosa mengi.

Kotisoli inapimwa asubuhi, saa 2 mpaka saa 3. Ikipimwa mchana namba ikiwa ndogo hujui ni ugonjwa au ni saa tu, maana kwa kila mtu inashuka kadri siku inavyokwenda. Ya asubuhi ikiwa chini ya 3 kwa kipimo cha maikrogramu kwa desilita (karibu 80 kwa nanomoli kwa lita) homoni haipo, ikiwa juu ya 15 hadi 18 kawaida ipo ya kutosha, katikati hapo wanafanya kipimo cha kuchokoza tezi za juu ya figo kwa sindano ya Synacthen. Na hiki kipimo cha kuchokoza kina mtego wake, wiki chache baada ya upasuaji kinaweza kusoma vizuri wakati pituitari imeshazima, kwa sababu tezi za juu ya figo zinakuwa bado hazijasinyaa.

Kama mgonjwa ameshaanza deksamethasoni au prednisoloni, hata ile ya kuchoma kwa ajili ya "mzio" kwenye zahanati, namba ya kotisoli haitakuwa ya kuaminika, mwambie daktari. Damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza ikiwezekana. Ila mgonjwa akiwa hoi, presha imeshuka, analegea, anachomwa haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) kwanza na damu inatolewa hapo hapo, hakuna kusubiri majibu ya maabara.

Thairoidi: usikubali TSH (homoni ya pituitari inayoiamrisha thairoidi) peke yake. Kwenye ugonjwa wa pituitari TSH inaweza kusoma sawa kabisa wakati T4 huru (homoni ya thairoidi yenyewe) imeshuka, kwa sababu pituitari inayotoa TSH ndo mgonjwa mwenyewe. Watu wengi wanaambiwa thairoidi iko sawa kwa TSH tu. Na kingine ambacho ningekiandika ukutani kama ningeweza: kama kotisoli na thairoidi zote ziko chini, anaanza haidrokotisoni KWANZA, thairoksini (dawa ya thairoidi) inafuata. Ukianza na thairoksini mwili unachoma ile kotisoli kidogo iliyobaki na mtu anaanguka.

Vingine vya kuomba ni prolaktini, LH na FSH, testosteroni au estradioli, IGF-1, sodiamu na potasiamu, kreatinini, na ukali wa mkojo ukilinganishwa na wa damu kama anakojoa sana. Kwa mtoto na kijana ongeza AFP na beta-hCG (alama za damu za vimbe za aina nyingine), sababu utaiona hatua ya 5.

Ujue pia kwamba kukosa kotisoli kunaficha ile shida ya mkojo. Unampa haidrokotisoni, siku mbili baadae anaanza kukojoa lita 5, ndugu wanasema dawa imemharibu. Dawa haijamharibu, imefunua kilichokuwa kimejificha.

Hatua ya 4: Picha

Unataka MRI ya eneo la pituitari, ikiwa na dawa ya kung'arisha na bila hiyo dawa, vipande vyembamba vya milimita 2 mpaka 3, vya ubavuni na vya mbele. Ukienda na karatasi imeandikwa "MRI ya ubongo" tu utapigwa ya kawaida ya vipande vinene na utalipa mara mbili. Mwambie daktari aandike pituitari. CT nayo ina kazi yake, inaonyesha chokaa, na kwa watoto karibu 9 kati ya 10 uvimbe huu una chokaa ndani. Ukiona ripoti inasema kuna mfuko wa maji, kuna sehemu ngumu na kuna chokaa, juu ya pituitari, kwa mtoto, jibu linakaribia kujitaja lenyewe.

Omba CD yenye picha zenyewe, usiondoke na filamu na ripoti peke yake. Daktari wa upasuaji anataka kuzungusha picha kwenye kompyuta yake, na kama utaomba ushauri Nairobi au Chennai kule India hiyo CD ndo inasafiri.

Kuna aina mbili. Ile inayoitwa adamantinomatous ndo ya watoto na hata wakubwa wengi, ina mifuko yenye majimaji mazito meusi ya kung'aa kama oili chafu ya gari, madaktari wenyewe wanayaita hivyo, na inang'ang'ania haipothalamasi. Ile ya papilari ni ya watu wazima karibu tu, imejaa zaidi, chokaa ni nadra, na takriban 95 kati ya 100 zina badiliko la jini linaloitwa BRAF V600E. Tangu 2021 WHO inazihesabu kama vimbe viwili tofauti, na tofauti hiyo utaiona kwenye dawa hapo mbele.

Hatua ya 5: Hakikisha sio kitu kingine

Kabla mtu hajashika kisu, hivi viwe vimefikiriwa, na una haki ya kuuliza kimoja kimoja:

- Prolaktinoma. Uvimbe wa pituitari wenyewe unaotoa prolaktini, unatibiwa kwa vidonge vya kabagolini, mara nyingi bila upasuaji kabisa. Kraniofarinjioma ikibana shina la pituitari nayo inapandisha prolaktini lakini kawaida haivuki nanogramu 100 kwa mililita, wakati prolaktinoma kubwa inavuka 200 na kuendelea mpaka maelfu. Mtego: uvimbe mkubwa sana mashine inaweza kulemewa na kutoa namba ndogo ya uongo, waambie maabara wazimue sampuli warudie.
- Jeminoma. Ya watoto na vijana, inaanza na kukojoa sana, inayeyuka kwa mionzi na dawa. Ndo sababu ya AFP na beta-hCG. Kumpasua mtoto upasuaji mkubwa kwa kitu kinachoyeyuka kwa mionzi ni hasara.
- Puto la mshipa wa damu. Linaweza kufanana na uvimbe kwenye CT ya kawaida. Ukilichoma kwa bahati mbaya mtu anafia mezani. Picha ya mishipa ya damu inamaliza hili swali.
- TB. Kwa huku kwetu sio ya kusahau, inaweza kujenga donge hapo hapo. Uliza kifua, uliza kikohozi, uliza nani nyumbani aliwahi kutumia dawa.

Zipo na nyingine, mfuko wa Rathke ambao mara nyingi unaachwa tu unafuatiliwa kwa picha, meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) ya eneo hilo, na pituitari kuvimba yenyewe kwa mama aliyejifungua karibuni.

Hatua ya 6: Kupanga matibabu

Mahali pa kwenda ni pale ambapo daktari wa upasuaji wa ubongo, daktari wa homoni, daktari wa macho na watu wa mionzi wanaweza kukaa pamoja au angalau kupigiana simu. Tanzania upasuaji wa ubongo umejikita MOI pale Muhimbili na mionzi Ocean Road, na Bugando Mwanza kuna mionzi. Kenya kuna Kenyatta na Aga Khan Nairobi. Chukua rufaa ya maandishi mapema maana bima bila rufaa ni vita, Tanzania NHIF na Kenya sasa ni SHA tangu Oktoba 2024.

Kama maji yamejaa ubongoni, hilo linashughulikiwa kwanza: mrija wa kutolea nje, au shanti ya kupeleka maji tumboni, na wakati mwingine kumwaga tu ule mfuko wa uvimbe kunafungua njia. Mgonjwa anayesinzia hapangiwi upasuaji mkubwa moja kwa moja.

Alafu ndo lile swali kubwa, tutoe wote au tutoe sehemu? Zamani ilikuwa ng'oa wote, ushindi ni picha safi. Picha ilitoka safi, ila mtoto akatoka mwingine: anakula bila kushiba, kilo 40 zinakuwa 90, usiku halali mchana anasinzia, hakumbuki alichofundishwa jana, hasikii kiu. Hiyo ni haipothalamasi imeumia. Ndo madaktari wa Paris wakiongozwa na Puget wakatoa mwaka 2007 madaraja ya kuangalia kwenye MRI, 0 haijaguswa, 1 imesukumwa, 2 imevamiwa kiasi kwamba haionekani tena, ili yule wa daraja la 2 uvimbe ulioshikana na haipothalamasi uachwe na umaliziwe kwa mionzi. Mimi niko upande huo kabisa. Daktari akikwambia "nitautoa wote, usijali" kabla hajakuonyesha haipothalamasi iko wapi kwenye picha, tafuta maoni ya pili.

Njia ni mbili. Kupitia puani kwa kamera, nzuri kwa uvimbe uliokaa katikati chini ya neva za macho, haigusi ubongo lakini hatari yake ni maji ya ubongo kuvujia puani. Na kupitia kwenye fuvu, kwa uvimbe uliokwenda pembeni au juu sana. Hakuna njia ya kishujaa hapa, njia nzuri ni ile anayoifanya kila siku huyo daktari na inayolingana na uvimbe ulivyokaa. Muulize: umefanya ngapi za aina hii, nani atasimamia homoni wodini usiku, sodiamu mnaweza kupima saa ngapi na majibu yanarudi baada ya muda gani. Swali la mwisho linaonekana dogo, subiri hatua ya 7.

Kama uvimbe ni mfuko mkubwa tu, wanaweza kuweka mrija wenye kibonge chini ya ngozi ya kichwa, Ommaya, majimaji yakijaa yanavutwa kwa sindano. Kwa mtoto mdogo hii inanunua muda mpaka afike umri unaofaa kwa mionzi.

Mionzi ya kawaida ni dozi ya 54 Gy (grei, kipimo cha mionzi) hivi, vipande 30 vya 1.8, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa hiyo panga wiki sita za kuishi karibu na hospitali, nauli na chumba ndo gharama watu wanayoisahau. Haiumi, unavalishwa maski ya plastiki inayoshika kichwa kisitikisike. Katikati ya mionzi mfuko unaweza kuvimba kwanza kabla ya kunywea, macho yakibadilika sema siku hiyo hiyo, usisubiri kumaliza. Mionzi ya protoni ipo Chennai tangu 2019, inapunguza mionzi inayomwagika kwenye ubongo mzima na kwa mtoto ina mantiki, ila usiuze nyumba kwa kudhani mionzi ya kisasa ya hapa haitibu. Inatibu.

Dawa: kwa aina ya papilari yenye BRAF V600E, utafiti uliotoka 2023 uliwapa watu 16 vidonge viwili pamoja, vemurafenibu na kobimetinibu, 15 kati yao uvimbe ulinywea, na kwa wastani ulipungua kama asilimia 91. Bei yake ni ya kutisha na upatikanaji huku ni mgumu, lakini kipimo cha BRAF kwenye nyama iliyotolewa kinafaa kufanyika kwa kila mtu mzima. Kwa hiyo omba kipande cha nyama kwenye kibonge cha nta kitunzwe, usiache kitupwe.

Hatua ya 7: Wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji

Siku ya upasuaji anapewa haidrokotisoni ya sindano, na haikatwi mpaka kotisoli ipimwe ithibitike. Hiyo ni sheria.

Mkojo na chumvi vina tabia ya kwenda kwa awamu tatu. Siku ya kwanza au ya pili mkojo unamwagika, lita 5, lita 8, sodiamu inapanda, anapewa desmopresini, dawa inayofanya kazi ya ile homoni ya kuzuia mkojo. Kama siku ya 5 mpaka ya 10 hivi unakauka ghafla, kila mtu anafurahi, "amepona", na hapo ndo hatari, maana homoni ya kuzuia mkojo iliyokuwa imehifadhiwa inavuja yote kwa mpigo, maji yanabaki mwilini, sodiamu inashuka, kichwa kinauma, anatapika, degedege. Ukiendelea kumpa desmopresini ile ile kwa saa ile ile unamzamisha. Baadae inarudi awamu ya tatu, kukojoa kwa kudumu. Sio wote wanapita zote, lakini daftari la maji yaliyoingia na mkojo uliotoka lisimamiwe na ndugu mmoja mwenye akili tulivu, kila saa, na sodiamu ipimwe angalau mara moja kwa siku, zaidi kama inayumba. Akiruhusiwa siku ya 5, apimwe tena sodiamu karibu na siku ya 7 mpaka 10 hata kama anajisikia vizuri.

Aliyepita puani: asipenge kamasi, akipiga chafya afungue mdomo, asinyanyue ndoo, asijikamue chooni. Maji mepesi yanayotiririka puani akiinama, yenye ladha ya chumvi kooni, ni maji ya ubongo mpaka ithibitike vingine, na shingo kukaza na homa ni dharura ya homa ya uti wa mgongo.

Hatua ya 8: Kotisoli nyumbani

Mtu mzima kawaida ni haidrokotisoni miligramu 15 mpaka 20 kwa siku, kubwa asubuhi akiamka, ndogo mchana. Mtoto anapigiwa hesabu ya ukubwa wa mwili wake. Kama haidrokotisoni haipatikani mkoani, na mara nyingi haipatikani, daktari anaweza kuweka prednisoloni miligramu 3 mpaka 5 asubuhi kwa mtu mzima, ipo kila duka. Usikatishe siku hata moja, wala usikubali mtu akwambie "steroidi ni mbaya acha", hii unarudisha tu kile mwili ungekitengeneza.

Homa zaidi ya 38, zidisha dozi mara mbili, zaidi ya 39 mara tatu, mpaka homa iishe. Malaria ni homa. Meno kung'olewa, ajali, kujifungua, upasuaji wowote, yote yanataka nyongeza na daktari aambiwe kabla. Anatapika au anaharisha kiasi dawa haikai: sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100 kwa mtu mzima na kijana, 50 kwa mtoto wa umri wa shule, 25 kwa mtoto mchanga, kwenye msuli wa paja, alafu hospitali. Chupa, bomba na sindano vikae nyumbani kwenye boksi moja ambalo kila mtu anajua liko wapi, na angalau watu wawili wawe wameshajaribu kuchoma. Kwenye pochi au begi la shule weka kadi: "Nina upungufu wa kotisoli, nikizimia nichomeni haidrokotisoni haraka". Iandike Kiswahili na Kiingereza.

Mwenye TB au kifafa azingatie: rifampisini, fenitoini na karbamazepini zinaunguza haidrokotisoni haraka mwilini, dozi inatakiwa ipande. Daktari wa TB hajui una pituitari, mwambie wewe.

Hatua ya 9: Desmopresini na maji

Vidonge havihitaji friji, za kupuliza puani aina nyingine zinahitaji, soma boksi, na umeme ukikatika Mbagala siku mbili ujue cha kufanya. Nunua akiba ya mwezi mbele. Acha kila siku dawa iishe nguvu kidogo, mkojo mweupe utoke kabla ya dozi inayofuata, hiyo inamwaga maji ya ziada. Mwenye kiu ya kawaida anywe kwa kiu tu. Ule ushauri wa mitandaoni wa kunywa lita 3 kila siku kwa afya kwake ni sumu. Asiyesikia kiu kabisa anapangiwa kiasi maalum na anapimwa uzito kila asubuhi, ukipanda kilo moja kwa usiku ni maji hayo.

Akilazwa kwa jambo lingine lolote, simama kitandani useme hii haihusiani na sukari na desmopresini haisimamishwi. Imeshatokea nchi zilizoendelea watu wakanyimwa kwa kudhaniwa ni kisukari na wakafa, ndo maana mwaka 2022 wataalamu walibadilisha jina la ugonjwa, zamani uliitwa diabetes insipidus.

Ramadhani: mwenye upungufu wa kotisoli pamoja na shida ya mkojo yuko kwenye kundi la hatari, na wengi wao daktari atawaambia wasifunge. Zungumza na daktari wa homoni mwezi kabla, sio siku ya kuamkia mfungo.

Hatua ya 10: Miaka inayofuata

MRI ya kwanza baada ya miezi 3, alafu kila miezi 6, baadae kila mwaka, na usiache hata ukijisikia fiti maana unarudi kimya kimya. Upana wa kuona upimwe sambamba. Ukirudi mdogo kuna mionzi kama haikutumika, kuna kufuatilia tu, kuna kupasua tena ingawa kupasua mara ya pili ni kugumu zaidi kwa sababu ya makovu.

Uzito unapata karibu nusu ya wagonjwa na sio uroho, msimcheke mtoto mezani. Kinachosaidia ni kuanza mapema: soda itoke nyumbani kwa wote, chakula kipakuliwe jikoni sufuria isije mezani, na thairoksini na dozi ya haidrokotisoni zihakikiwe maana haidrokotisoni iliyozidi nayo inanenepesha. Thairoksini baada ya hapo inafuatwa kwa T4 huru, TSH haina kazi tena.

Homoni ya kukua kwa mtoto kawaida inaanza uvimbe ukiwa umetulia kama mwaka hivi, ni sindano ya kila siku na bei yake ni kubwa, uliza mapema kama bima inagusa. Balehe inaletwa kwa dawa, isicheleweshwe mpaka kijana anachekwa na wenzake. Na binti au kijana aliyepitia haya akikua na kutaka mtoto, inawezekana, kwa sindano za kuchochea mayai au mbegu, ila huyo ni mjamzito wa hospitali kubwa tangu mwezi wa kwanza, na siku ya kujifungua haidrokotisoni ya mshipani iwe imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki kabla uchungu haujaanza.